Shukrani kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Kaka, jina hukutaka kunitajia, basi nakushukuru hivyo hivyo hadharani. Nilipotafuta wa kunifungia keria za mabegi ya pembeni, wengine walitaka kuichomelea fremu ya pikipiki yangu, BMW R100RT, chuma cha mwaka 1983! Wewe ulitumia matundu ya bolti yaliyokuwapo, ukaunganisha keria za pande zote mbili kwa bomba linalopita nyuma ya namba ili zisicheze, ukaacha nafasi ya kutosha juu ya ekzosi mabegi yasiungue. Nati ukaweka zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Matuta ya Mikumi na kona za Kitonga nimepita na mzigo kamili, kimya. Jioni nachomoa mabegi, naingia nayo gesti. Na hela ya soda ukakataa! Mungu akuzidishie, kaka.