Cherehani ya mahafali pekee haimlishi mama na mtoto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wafadhili, halmashauri, makanisa, misikiti na wote wanaogharamia mafunzo ya ufundi kwa mabinti waliozaa wakiwa bado wadogo hapa Mwanza. Nia yenu ni njema. Lakini cherehani zinazotolewa siku ya mahafali, si chache huishia kufunikwa kanga chumbani au kuuzwa kwa bei ya kutupa, na sababu zake anazijua kila anayefundisha kazi hii.

Tuanze na ratiba, maana wapo wanaopotelea hapo kabla hawajashika hata mkasi. Darasa la saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni limepangwa kwa mtu asiye na mtoto. Binti wa miaka 17 mwenye kichanga cha miezi minne ananyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, na kichanga hicho hakijafika umri wa kula uji. Akimwacha kwa bibi yake Buhongwa aje kusoma Igoma, ama mtoto ataanzishiwa uji kabla ya wakati, ama mama ataacha kuja. Darasa lianze saa tatu asubuhi liishe saa saba mchana, hata kama kozi ya miezi sita itakuwa ya miezi tisa. Watoto wawe na chumba chao chenye mkeka, maji safi, jiko la uji na mlezi anayelipwa. Wasikae chini ya cherehani: anayetambaa huokota pini, na gurudumu la cherehani ya kukanyaga pamoja na mkanda wake hubana vidole. Kliniki nayo iingie kwenye ratiba. Baada ya chanjo anazopewa mtoto akizaliwa, zinafuata za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ya surua ni akiwa na miezi 9 na 18, na katikati kuna kupima uzito. Aliyekosa somo la kola kwa sababu ya kliniki afundishwe tena, asiandikwe mtoro.

Sasa ufundi wenyewe. Kozi nyingi zinakimbilia gauni za vitenge kwa sababu zinapendeza kwenye maonesho. Gauni la kitenge ni zuri, lakini fundi mpya hana wateja wa gauni. Wenye shughuli zao wana mafundi wao wa siku zote. Mlango ulio wazi ni sare za shule, kwa kuwa kila mtaa una watoto na sare zinachakaa. Na sare ina hesabu yake, isiyokubali kubahatisha.

Chukua sketi ya marinda ya mwanafunzi mwenye nyonga ya sentimeta 75. Marinda yaliyokunjwa sawasawa hula kitambaa mara tatu ya nyonga, yaani sentimeta 225. Kitambaa cha sare kikiwa na upana wa sentimeta 150, upana mmoja hautoshi, inabidi kuunga vipande viwili. Urefu wa sketi ukiwa sentimeta 60, ongeza 8 za pindo na 2 za mshono wa kiunoni, unapata 70. Vipande viwili ni mita 1.4, na kinachobaki pembeni kinatoa mkanda wa kiuno. Fundi anayebana kitambaa akakata upana mmoja hupata marinda membamba yanayofumuka mtoto akikaa, na mzazi haji tena. Lile pindo la sentimeta 8 nalo lisipunguzwe, kwa sababu ndilo litakaloshushwa mwakani mtoto akirefuka, na mzazi wa Mabatini au Igogo hulitazama kabla hajatazama kitu kingine. Kitambaa cha pamba tupu kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kikikatwa bila kulowekwa kinaruka juu ya goti baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Jambo linaloua mitaji zaidi ni cherehani kuharibika mikononi mwa mtu ambaye hajafundishwa kuitengeneza. Anafundishwa kushona tu. Kifaa kikigoma anamwita fundi mitambo na pesa ya chakula inaondoka. Kumbe makosa mengi ni madogo. Uzi ukijifunga fungu chini ya kitambaa, shida kwa kawaida iko juu: uzi haukukaa katikati ya visahani vya kukazia. Wanafunzi hukimbilia kulegeza skrubu ya kasha la bobini, linaloshika uzi wa chini, na hapo wanaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Mshono ukiruka, badilisha sindano kwanza, au angalia kama ubapa wake umeelekea upande usio wake. Namba 14 inafaa sare za kawaida, namba 16 kaki nzito, namba 11 vitambaa vyepesi. Kushona kaki kwa namba 11 ni kuivunja. Mkanda wa ngozi ukilegea, unakatwa kidogo na kuungwa upya kwa kile kipini chake. Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia huganda na kunasa vumbi la pamba mpaka mashine inakuwa nzito kama imefungwa breki. Tungetamani kila mhitimu afungue cherehani, aisafishe, aifunge na kuishonesha mbele ya mwalimu kabla ya kupewa cheti.

Kipo pia kifaa ambacho wafadhili hukisahau: ovaloki, mashine inayozungushia nyuzi kingo za kitambaa. Sare isiyopigwa ovaloki hufumuka nyuzi ndani, na wazazi siku hizi wanaigeuza sketi kabla ya kulipa. Si lazima kila mmoja awe nayo. Mashine moja kwa wahitimu kumi, ikiwekwa penye umeme wa uhakika, kila mmoja akichangia kiasi kidogo kwa nguo, inatosha. Kabla haijapatikana, wafundishwe mshono wa kukunja, unaoficha ncha za kitambaa ndani. Unachukua muda zaidi, ila hauna aibu.

Kisha bei. Hapa ndipo tunapoumia kuona binti mwenye mikono mizuri akifanya kazi mwaka mzima bila kubaki na kitu. Tuchukulie kitambaa ni shilingi 6,000 kwa mita. Mita 1.4 ni 8,400, zipu 500, uzi na kifungo 600, ovaloki 500. Jumla 10,000. Akiuza sketi kwa 15,000 anadhani amepata 5,000. Bado. Kibaraza akikipanga kwa 30,000 na kushona sketi 60 kwa mwezi, kila sketi inabeba 500 ya kodi, na atenge nyingine 500 kwa sindano, mafuta na matengenezo. Kilicho chake ni 4,000. Akikubali kushushiwa mpaka 11,000 kwa sababu mteja ni jirani, anafanya kazi bure. Akishona sketi 15 tu mwezi huo, kodi inapanda hadi 2,000 kwa kila moja. Hesabu hii ifundishwe kwa daftari na kurudiwa kila wiki. Na sheria moja isivunjwe: mteja aliyetoa malipo ya awali, pesa yake ikanunue kitambaa siku ileile. Ikilala nyumbani usiku mmoja itageuka unga, dagaa na dawa ya mtoto. Hatumlaumu mama kwa hilo, lakini kesho yake hana kitambaa wala pesa ya mteja.

Sare zina msimu. Desemba na Januari kazi inajaa, Julai wanakuja wa kidato cha tano, miezi mingine ni ukame. Kwa hiyo kozi isiache marekebisho ya mitumba. Nguo zinazouzwa Mlango Mmoja na Makoroboi zinahitaji kupunguzwa kiuno, kubadilishiwa zipu, kufupishwa. Malipo ni madogo, ila yanalipwa papo hapo na mtaji wake ni uzi tu. Huko ndiko chakula cha Aprili kinakotoka.

Kwa mabinti wa visiwani na mialoni, Ukerewe, Kome, Kayenze, Igombe, tusiwalazimishe kushona. Dagaa ni kazi yao na wanaijua. Wanachokosa ni chanja na fedha taslimu. Dagaa waliokaushwa mchangani hushuka hadi bei ya chakula cha kuku, wakati walioanikwa kwenye chanja ya miti na nyavu, kama mita moja kutoka chini, wanabaki safi na kukauka juu na chini. Somo liwe pamoja na kupanga fedha za siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi haitoki, na za masika, ambapo dagaa huoza kabla ya kukauka. Na tuseme wazi: anayechukua dagaa kwa mkopo wa mwenye mtumbwi wakati mwingine hudaiwa mwili wake. Mtaji wa kununulia ndoo chache kwa fedha mkononi unamlinda kuliko semina yoyote.

Kuhusu mikopo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Lakini kwa kawaida ni ya vikundi vilivyosajiliwa na ya wenye miaka 18 kwenda juu. Mhitimu wa miaka 16 hana pa kuingilia. Mwaka huo mmoja au miwili ya kusubiri aitumie kuweka hisa katika kikundi cha akiba na kutunza daftari la mauzo, ili akitimiza umri awe na la kuonyesha. Na anayetamani kurudi shule asizuiwe kwa kisingizio cha ufundi: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyekatizwa masomo kwa ujauzito kurudi.

Tunachoomba kwanza si fedha zaidi, ila mpangilio mwingine wa zilezile. Mfadhili aliyepanga kununua cherehani 20 anunue 16. Fedha zinazobaki zichangie malipo ya mlezi wa watoto, ovaloki mbili, na kwa kila mhitimu mkasi, futi ya kupimia, sindano za namba zote tatu, mafuta, na mita 14 za kitambaa cha sare, zinazotosha sketi kumi za kwanza. Wanne watakaokosa ya kwao wapangwe wawili wawili na wenzao wa mtaa mmoja, kwa zamu za asubuhi na jioni, mpaka wanunue ya pili kutokana na mauzo. Na mwalimu mmoja apewe nauli ya kuwafuata walipo: wiki mbili, mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya mahafali, aangalie daftari kwanza, kisha mishono.

Wakufunzi wa ushonaji,
Igoma, Mwanza