Kwa Mwanaisha, kuhusu nyumba ya Mkomani, Lamu

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Mama hajambo? Mguu wake je? Watoto na majirani wote nisalimie, mmoja mmoja, usinifupishie. Mimi huku Roma mzima, Alhamdulillahi, ila baridi imeanza kuuma na yule bibi ninayemtunza hataki dirisha lifungwe usiku. Asema hewa ya ndani inamziba kifua. Basi nalala na koti na soksi kama baharia.

Sauti yako ilinifika. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana nikikupigia tu Ami Sefu huanza kukohoa pembeni na kuuliza "nani huyo?", na hili si jambo la kusemwa mbele ya Ami Sefu. Nimengoja bibi alale, nimekaa jikoni, naandika.

Umeniuliza kama huyo Mtaliano anayetaka kununua nyumba ya bibi yenu hapo Mkomani ni mtu wa kuaminika, "nyinyi mnaokaa nao mnawajuaje?" Shoga, wako kama Waamu! Wapo wa kweli, na wapo wa kukuuzia chaza tupu. Huyo wenu simjui. Lakini tangu nirudi kutoka Civita, kijiji kimoja cha huku Italia, naona kwamba hata akiwa mwaminifu kuliko wote, bado kuna jambo. Ngoja nikueleze.

Zuhura alinishika twende kutembea siku ya mapumziko. (Bado yuleyule, viatu vya kisigino hata milimani. Mume wake wa pili umesikia habari zake? Nitakwambia siku nyingine.) Tukapanda treni hadi Orvieto, kisha basi la kuzungukazunguka vilima hadi mji uitwao Bagnoregio. Ukifika mwisho wa mji huo unaona bonde kubwa, na katikati yake kilima kimesimama peke yake, juu yake kijiji kizima cha mawe. Ndiyo Civita. Juu kuna jiwe la volkano, na chini yake udongo wa mfinyanzi ambao mvua inautafuna miaka nenda miaka rudi. Udongo ukiliwa, jiwe hupasuka, na nyumba iliyo ukingoni huteremka bondeni na kila kilichomo. Wataliano wenyewe wanauita mji unaokufa. Watu wamekaa pale tangu kabla ya enzi za Warumi, lakini tetemeko la mwaka 1695 lilibomoa sana, askofu na wakubwa wakahamia ng'ambo, na waliobaki wakaendelea kupungua. Hata nyumba alimozaliwa mtakatifu wao Bonaventura, mtu wa miaka ya 1200, iliporomoka.

Kuingia ni kwa daraja la zege la mwaka 1965, la watu wa miguu, refu karibu mita 300, na mwisho wake linapanda hadi pumzi inakata. Kabla ya kulikanyaga unalipa euro tano. Zuhura akapiga kelele: kulipa ili upite mtaani mwa watu? Akasema Lamu tukifanya hivi, Bi Rukia jirani yenu atakuwa tajiri kwa kukaa barazani tu na kunyoosha mkono. Nilicheka, lakini nililipa, na yeye nikamlipia, hajanirudishia.

Sasa sikia. Pazuri, Mwanaisha. Pazuri mno. Vichochoro vyembamba, ngazi za mawe nje ya kila nyumba, maua mekundu madirishani, paka wamelala juani. Uwanja wa kanisa haukusakafiwa. Hapo Juni na Septemba wanafanya mashindano ya punda! Ndiyo, punda, kama sisi wakati wa Maulidi. Nikasema nimefika nyumbani. Nikaanza kuwatafuta hao punda, sikuona hata mmoja. Nikatafuta kamba ya nguo, sikuona. Nikatega sikio nisikie mtoto analia au mama anamfokea mtu, kimya, ila wageni kama sisi wakipigana picha. Harufu ya chakula ipo, lakini inatoka mikahawani. Tuliingia pango moja lenye kinu cha zamani cha kukamulia mafuta ya zeituni, kilichokuwa kikizungushwa na punda, wanauza mkate wa kuchoma. Aliyetuhudumia nikamuuliza kwani wenyeji wako wapi. Akasema wanaoishi hapo mwaka mzima hata ishirini hawafiki, na yeye mwenyewe jioni huvuka daraja kurudi kwake. Nyumba nyingi ni za watu wa Roma na wa nchi za nje, wanakuja likizo, wanafungua, wanafunga.

Wala siwasemi kwa ubaya. Bila hao wageni Civita ingekuwa kifusi zamani. Tikiti ilianza 2013, euro moja na nusu, na fedha hiyo imewasaidia sana watu wa Bagnoregio. Vijana wamepata kazi, nyumba zimetengenezwa. Na sisi tunazijua nyumba za kwetu zilizoanguka huku warithi wanagombana, boriti zimeoza, hakuna wa kununua hata gunia la chokaa. Kwa hiyo usije ukasema Salma ameshiba Ulaya anatuhubiria umaskini. Najua deni la hospitali. Najua kaka zako wamechoka. Na bei aliyotaja huyo mtu, wallahi, hata mimi kichwa kiliniuma.

Lakini nyumba ya bibi yenu haitabomolewa, ndilo ninalotaka kukwambia. Itatengenezwa. Zidaka za ukutani zitasafishwa, watampiga picha mtu na taa ya kandili, uani watachimba kijibwawa cha kuogelea, na mlango ule utafungwa miezi kumi kila mwaka. Kisima je? Nyumba tatu zinateka pale maji ya bomba yakikatika. Na wikio, lile daraja la juu ya njia? Ule mlango wa juu wa kuvukia kwa Bi Rukia bila kushuka njiani, ambao sisi tulikuwa tukikimbilia tukivunja kitu, unadhani mnunuzi ataacha kikongwe wa watu apite chumbani mwake kuja kumjulia hali mama? Atauziba, tena kwa adabu, na atampelekea Bi Rukia sanduku la chokoleti.

Nilikuwa nimelala nikakumbuka jambo moja, nikaamka. Katiba yetu ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anapewa kwa kukodi tu, na isizidi miaka 99. Basi kama hata kwa sheria ni kukodi, kwa nini mkimbilie 99? Mwambieni kumi. Atengeneze paa, abadilishe boriti, alipe kodi ya miaka ya mwanzo kwa mkupuo ili deni liishe, na iandikwe kwa wakili kwamba kisima na wikio ni vya watu wote kama zamani. Akiipenda nyumba kweli atakubali. Akikataa, basi... we nawe unaona. Labda mimi niko mbali ndiyo maana naona rahisi. Zuhura asema hivyo, asema Salma wewe unaililia nyumba isiyo yako. Kweli, lakini nimekula humo kuliko kwetu.

Nina akiba kidogo. Si ya kulipa deni lote, ila inaweza kuwanyamazisha wa hospitali mpaka mwisho wa mwaka, kama kaka zako watakubali kungoja. Nitaituma kwa jina lako, isipite kwa Abdalla, unanielewa.

Haya nijibu upesi. Mmeshatia saini chochote? Amana mmepokea? Kadhi amegawa mafungu au kila mtu anakisia lake? Shangazi yenu wa Siyu anajua? Maana fungu lake lipo na akijua mwishoni atawasha moto. Mama mwenyewe amesema nini, au hakuna aliyemuuliza? Na huyo Mtaliano mkewe ni nani, si ndiye yule wa Shela aliyekuwa akifuga kasa? Na yule fundi wa milango bado hai?

Akija mtu huku nitumie achari ya ndimu, ile ya Bi Rukia, si ya dukani.

Ni mimi shoga yako,
Salma