Wabrazil hawasemi Kilatini

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua.

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kidato cha pili alirudi na daftari la jiografia, machozi yanamlengalenga. Swali liliuliza watu wa Brazil wanasema lugha gani. Yeye kaandika Kilatini, mwalimu kamtia kosa kwa wino mwekundu. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akafunua kurasa za mwisho: kipande cha gazeti lako, habari ya mpira, amekibandika kwa uji, na ule mstari unaosema Wabrazil na Waargentina husemezana Kilatini ameupigia penseli.

"Babu, kumbe gazeti nalo hukosea?"

Nikamwambia hukosea, na nikamwahidi kuandika.

Kilatini chenyewe mimi nimekipigia magoti. Mwaka 1962, nikiwa na miaka 10, nilikuwa mtumishi wa altare kwenye misheni moja ya Kikatoliki huku upande wa Songea, na misa ilisomwa kwa Kilatini. Padre akisema "Introibo ad altare Dei", sisi wawili chini kwenye saruji tunaitikia "Ad Deum qui laetificat juventutem meam". Katekista alitukaririsha neno kwa neno. Kwamba maana yake ni "kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu" nilikuja kujua baadaye sana, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, umekwisha kuruhusu misa ya Kiswahili. Hata leo ukiniamsha usiku wa manane naitikia bila kukwama.

Lugha hiyo ilipata jina kwa mahali. Kusini mwa mto Tiber, huko Italia, kuna nchi ya tambarare iliyoitwa Latium. Siku hizi ni mkoa wa Lazio. Wenyeji wake waliitwa Latini, na Roma ilikuwa mji mmoja tu kati ya miji yao, hadi mwaka 338 KK ilipowashinda jirani zake na kuwaweka chini yake. Mshairi wa Kirumi Virgil alisimulia kuwa jina Latium limetokana na neno la kujificha, kwa sababu mungu Saturnus alijificha huko akimkimbia mungu mwenzake Jupiter. Wengine hulihusisha na neno "latus", yaani pana, na mimi naliona hilo lina mashiko zaidi, kwa jinsi ile nchi ilivyo bapa.

Sisi jambo hili tunapaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Kiswahili nacho jina lake ni la mahali, "sawahil" ya Kiarabu, yaani pwani. Mimi ni Mngoni, bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na bado lugha niliyofundishia maisha yangu yote ina jina la pwani. Ndivyo walivyokuwa watu wa Uhispania na Ufaransa ya kale: Roma iliwatawala, wakakisema Kilatini bila kuwa watu wa Latium.

Huko kila nchi ikakisema kwa namna yake hadi zikazaliwa lugha mbalimbali. Maji yaliyokuwa "aqua" Mreno anayaita "água", Mwitalia "acqua", na Mfaransa kayakata hadi "eau". Brazil ilitawaliwa na Ureno, kwa hiyo wanasema Kireno. Argentina wanasema Kihispania. Haiti wana Kifaransa na Krioli yao.

Nadhani mwandishi wako alipotezwa na jina Amerika ya Kilatini, yaani nchi za Amerika zinazosema lugha hizo zilizozaliwa na Kilatini. Jina hilo ni la juzi tu. Mwaka 1856 Francisco Bilbao, mtu wa Chile, alilitumia akiwa Paris, akizitofautisha nchi hizo na Marekani iliyokuwa ikijipanua kuelekea kusini. Miaka michache baadaye Napoleon III wa Ufaransa alipeleka jeshi Mexico, na hoja ya undugu wa Walatini ikamfaa sana.

Anayewapoteza watoto wetu, kwa maoni yangu, ni hiki kiambishi "ki". Kina kazi mbili. Kiarabu ni lugha, lakini ukisema vazi la Kiarabu hujataja lugha, umetaja namna. "Kilatini" cha Amerika ni cha namna hiyo ya pili. Mwandishi wako kakichukua kama cha kwanza.

Basi nawaomba: mnapotaja bara, andikeni Amerika Kusini, mkikumbuka kuwa Guyana wanatumia Kiingereza na Suriname Kiholanzi, ingawa ziko huko huko. Mkitaka kuziingiza Mexico na Cuba, hapo ndipo Amerika ya Kilatini inafaa. Na mkitaja lugha, itajeni kwa jina lake.

Chapeni masahihisho, hata mistari miwili, kwenye ukurasa ule ule wa michezo. Mjukuu wangu ameacha nafasi kwenye daftari kando ya kile kipande, na uji tutakoroga.

Mwalimu mstaafu,
Songea