Barua ya wazi kwa kaka yangu: mapigo yale yaache yalivyo

Kaka yangu mpendwa,

Nimepokea ujumbe wako pamoja na wimbo wa kwanza wa rekodi ya zamani ya bendi yetu ya roki, uliokwisha kuufanyia kazi huko Ubelgiji, nami nimeusikiliza mara nyingi kabla ya kuketi kukujibu. Nakushukuru kwa dhati, kwa maana najua kwamba kazi hiyo umeifanya usiku, baada ya ajira, na kwa fedha zako mwenyewe. Hata hivyo nakuomba, kwa heshima ninayokupa kama mwana wa baba mkubwa na kama mpiga gitaa aliyenifundisha kusikiliza, usiendelee na nyimbo zilizobaki kwa njia hiyo. Usiyanyooshe mapigo ya dramu kwa kompyuta, yaani kuyasogeza yote yakae kwenye mstari wa mwendo mmoja usiobadilika, wala usiyaondoe ili kuweka mahali pake mapigo ya kununua. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu wako wanamuziki wengine hapa Lubumbashi wenye rekodi za zamani za bendi zao, na vijana wanaowasaidia kuzisafisha wanawashauri jambo hilihili.

Hoja yako ya kwanza ni kwamba mwendo wetu haukai mahali pamoja. Ni kweli. Nimeupima wimbo ule katika studio ya kijana mmoja wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, na programu yake inaonyesha kwamba unaanza kwenye mapigo 116 kwa dakika na kufika 124 mwishoni. Lakini tazama ni wapi unapopanda. Haupandi katika beti, wala katika kiitikio. Unapanda pale gitaa lako linapoachana na maneno na kuingia katika sebene, ile sehemu ya kucheza, na ukiisha kufika juu unakaa hukohuko hadi pigo la mwisho. Mpiga dramu asiyeweza kushika mwendo hupanda na kushuka bila mpango, leo hapa na kesho pale. Sisi tulipanda sote watano, mahali palepale, kila tulipoupiga wimbo huo, kwa sababu ndivyo nyimbo za dansi za Kongo zilivyojengwa tangu kabla hatujazaliwa: kwanza sehemu ya kusimulia, kisha sehemu ya kucheza. Kompyuta yako imeisawazisha ngazi hiyo, na sebene sasa inaingia bila mtu kujua kwamba imeingia.

Mimi sikuanza na roki, kama unavyokumbuka. Nilijifunza dramu kanisani Katuba, nyuma ya kwaya, ambako nyimbo za sifa zikichangamka huishia katika kavacha. Mwendo huo ulienea katika miaka ya 1970 kupitia Zaïko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969, na sifa yake hupewa mpiga dramu wao Meridjo Belobi, ambaye husimuliwa kwamba aliuokota katika mlio wa treni. Vijana wale waliacha vyombo vya kupuliza vya bendi zilizowatangulia, wakayaachia magitaa na dramu nafasi yote. Katika kavacha mguu wa kulia unashika kila pigo, mkono mmoja unakimbia bila kusimama, na ngoma ndogo inajibu kwa mapigo yanayoangukia katikati, pale mguu ulipopaacha. Mtu akiupiga vizuri, wachezaji hawasubiri kuitwa.

Roki inataka kitu kingine: pigo la pili na la nne kati ya kila manne, zito, lilelile, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ngoma ndogo ikipigwa kwa nguvu ya mkono mzima. Uliponiita katika bendi nililazimika kutafuta namna ya kuishi na miendo hiyo miwili ndani ya wimbo mmoja, na miaka yangu ya kwanza pamoja nanyi niliitumia kwa kazi hiyo hasa. Katika beti nilikupa pigo la pili na la nne kama ulivyotaka. Katika sebene nilihamisha mkono wa kulia kutoka kwenye matoazi pacha kwenda kwenye toazi kubwa, mguu ukaanza kushika kila pigo, na ngoma ndogo ikarudi kwenye kavacha, lakini kwa uzito uleule wa roki, bila kulegeza mkono. Pigo la mwisho la kila mzunguko nililitanguliza kidogo sana, kiasi ambacho msikilizaji hawezi kukionyesha kwa kidole, na gitaa lako likawa linaegemea hapo. Hicho kidogo ndicho programu imekiona kuwa kosa na kukirudisha kwenye mstari. Ukisikiliza tena toleo ulilonitumia utatambua kwamba gitaa lako sasa linaonekana limechelewa, ilhali halijasogezwa hata chembe.

Umeandika kwamba wasikilizaji wa huko wamezoea roki iliyonyooka. Kaka, roki ya jirani zetu wanaijua. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita mia moja hivi, na ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya miji ya shaba, vijana wa miaka ya 1970 walipiga roki yao wenyewe, ile iliyokuja kuitwa Zamrock: WITCH pamoja na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliyejulikana kwa jina la Jagari, Amanaz, Paul Ngozi na wengine. Baba mkubwa alikuwa na santuri zao, na wewe ulijifunzia sauti ya gitaa lenye mkwaruzo kwenye santuri hizo kabla hujashika gitaa lolote. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ile uchumi wa nchi yao ulidhoofika, baadaye ukimwi ukawachukua wengi wa wapigaji, na kwa miaka mingi muziki ule ulibaki mikononi mwa wachache waliozitunza santuri. Ulipochapishwa upya miongo kadhaa baadaye, Ulaya na Marekani waliupokea ukiwa na mwendo wake unaopanda, dramu zake zenye mwangwi wa chumba na sauti zake zinazogongana, na Jagari, akiwa mzee, akarudi kuimba mbele ya vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kulisikia jina lake. Hakuna aliyewaomba wanyooshe chochote.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, na gitaa lile hadi sasa linasikilizwa kama lilivyotoka vidoleni. Wapiga gitaa wengi wa Katanga wa kizazi hicho waliandamana na mtu wa kugonga chupa ya soda kwa kijiti. Mimi naihesabu chupa hiyo kuwa babu wa dramu zangu, na sijawahi kusikia mtu akisema ilipaswa kufuata metronomu, ile mashine ya kuhesabu mwendo.

Sasa nije kwenye rekodi yenyewe, kwa maana nadhani umbali umekusahaulisha jinsi tulivyoifanya. Tulingoja kiangazi, kwa sababu chini ya mabati hakuna mtu anayeweza kurekodi mvua inaponyesha, na hapa mvua haiachi kwa urahisi kuanzia Novemba hadi Machi. Tulifanya kazi usiku wa manane, saa ambazo umeme ulirudi Katuba, na usiku ambao haukurudi tuliwasha jenereta nyuma ya ukuta wa jirani na kuizungushia magunia ya mchanga. Mwezi wa Juni usiku wa Lubumbashi ni wa baridi kali. Vyuma vya dramu vilishika baridi, ngozi za plastiki zikabadilika sauti, nami nikakaza skrubu upya kabla ya kila wimbo. Mama mdogo alitupatia magodoro yote ya nyumba yake tuyaegemeze ukutani, na watoto wakalala juu ya mikeka bila kulalamika.

Tulikuwa na matundu manane tu ya kuingizia sauti kwenye kompyuta. Manne yalikuwa ya dramu: maikrofoni moja ndani ya ngoma ya mguu, moja kwenye ngoma ndogo, na mbili juu ya matoazi. Ni wewe uliyepima kwa kamba ili zile mbili za juu ziwe na umbali sawasawa kutoka kwenye ngoma ndogo, kwa sababu bila hivyo sauti ya pigo moja hufika kwa nyakati mbili tofauti na kupoteza tumbo lake. Nakukumbusha kamba ile kwa sababu ndiyo inayoeleza tatizo la toleo lako jipya. Programu imesogeza pigo la ngoma ndogo, lakini pigo hilohilo bado limo katika maikrofoni za juu, mahali pake pa zamani, pamoja na gitaa lako lililokuwa likivuma katika chumba hichohicho. Ndiyo maana katika beti ya pili kuna mlio wa mapigo mawili yaliyogandana, na ndiyo maana umelazimika kupunguza maikrofoni za juu hadi matoazi yakafa. Kila utakapoongeza unyoofu itakubidi uondoe chumba zaidi, hadi mwishoni kisibaki chumba, na pamoja nacho waondoke watu waliokuwa humo.

Hapa nafika kwenye jambo lililonifanya nikawie kukuandikia. Mdogo wetu wa besi alisimama upande wangu wa kulia katika nyimbo zote. Hakuwa akiniangalia usoni; alikuwa akiangalia mguu wangu, na besi yake iliingia kwa waya moja kwa moja kwenye kompyuta, bila maikrofoni, kwa hiyo ni sauti safi kuliko zote tulizonazo. Kila noti yake imeketi juu ya pigo la mguu wangu, na pale mguu ulipotangulia, naye alitangulia. Tangu tumzike hatuna rekodi nyingine yake yoyote. Ukisogeza ngoma ya mguu itakubidi umsogeze naye, noti baada ya noti, na yeye hayupo tena kukubali wala kukataa. Katika wimbo ulionitumia umekwisha kumsogeza. Nilimtambua kwa noti, lakini namna yake ya kuingia haikuwamo. Mama yake anazicheza nyimbo zile kwenye simu kila Jumapili akitoka kanisani, na sitaki apewe toleo ambalo ndani yake mtoto wake anapiga kwa namna ambayo hakuwahi kupiga.

Yako mengi ambayo ninakuomba uyafanye, na wewe unayaweza kuliko mtu yeyote niliye naye hapa. Uondoe mvumo wa umeme ulioko kwenye herzi 50 na mivumo midogo inayoufuata juu yake, maana unafunika ngoma ya mguu katika nyimbo tatu za mwanzo. Uinue besi, ambayo wakati ule tuliishusha kwa sababu spika zetu hazikuweza kuibeba. Upunguze ukali wa toazi la kushoto, lililokuwa na ufa. Sauti ya mwimbaji wetu ina pumzi zinazolipuka kwenye maikrofoni, nazo unaweza kuzitibu bila kugusa maneno. Hesabu ya vijiti kabla ya kila wimbo ibaki.

Na kama moyo wako unataka toleo lililonyooka, ili lipigwe huko pamoja na nyimbo za wengine, hilo pia linawezekana, lakini tulifanye upya na kwa jina jipya. Mimi bado napiga, mikono yangu ina nguvu, na kijana wa mtaa wa Kenya ana chumba kizuri na dramu nzuri kuliko zile za zamani. Chagua mwendo, nitumie gitaa lako likiwa limefuata metronomu, nami nitapiga juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutoka kwenye mstari. Mpiga besi wa kanisani kwetu yuko tayari kujifunza nyimbo zote, mradi jina lake liandikwe kwenye toleo hilo na la marehemu libaki kwenye lile la kwanza.

Faili za asili ninazo kwenye diski mbili, moja hapa nyumbani na nyingine kwa Mama mdogo. Nakala nitamkabidhi shemeji, ambaye anasafiri mwezi ujao kupitia Ndola. Nijibu kabla hajaondoka, ili nijue kama nikutilie pia zile nyimbo mbili ambazo tulirekodi ala zake bila kufika kwenye sauti. Besi ya marehemu imo yote, na mwimbaji wetu amekubali kuziimba.

Mdogo wako,
mpiga dramu, Katuba, Lubumbashi