Anayenunua gari la umeme anunue betri iliyopimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa magari ya umeme, ambao naona wengi tunauendesha kwa hisia nyingi na hesabu chache. Wapo wanaosema magari hayo ni anasa ya watu wa Masaki na Oysterbay, na wapo wanaotaka sote tuachane na petroli mara moja. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam, na katika miaka ya karibuni nimekuwa nikiitwa na watu waliokwisha kununua magari hayo ili niwawekee mahali pa kuchajia. Ninayoyaona katika nyumba hizo yamenifanya niamini kwamba gari la umeme linaweza kumfaa hata mwalimu au muuguzi mwenye kipato cha kawaida, ilimradi awe na maegesho yake mwenyewe, safari zake za kila siku ziwe zinajulikana, na betri anayoinunua iwe imepimwa. Sharti hilo la tatu ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu wanunuzi wengi hawalijui na wauzaji wengi hawalitaji.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowavuta watu, na inawavuta kwa haki. Uniti moja ya LUKU, meta yetu ya umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa moja, kwa hiyo gari lenye betri ya kilowati-saa 40, likijaa, limebeba uniti 40. Gari dogo kama Nissan Leaf, ambalo ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kwa sababu huletwa kutoka Japani likiwa limetumika, hula takriban uniti 16 kwa kilomita 100, na ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, meta yako itasoma karibu uniti 18. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye kwenye daraja la T1 hupata kama uniti 28 kwa shilingi 10,000, kwa hiyo kilomita hizo 100 zinamgharimu shilingi 6,400 hivi. Gari la petroli la ukubwa unaofanana, likienda kilomita 11 kwa lita katika foleni zetu, litahitaji lita 9, ambazo kwa bei ya kukadiria ya shilingi 2,800 kwa lita ni zaidi ya shilingi 25,000. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anabakiza karibu shilingi 188,000 kila mwezi, na hapo hatujagusa gharama ya oili, plagi, filta na mkanda wa injini, vitu ambavyo gari la umeme halina.

Foleni yenyewe, ambayo kwa mwenye petroli ni hasara tupu, kwa gari la umeme haina madhara makubwa. Likisimama Ubungo nusu saa, mota haizunguki na haitumii chochote. Kinachokula umeme ni kiyoyozi, redio na taa. Dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, na ndiyo sababu breki za magari haya hudumu kuliko tulivyozoea. Busha, shokapu na matairi vitaendelea kuchakaa kama kawaida kwa sababu barabara ni zile zile, na yule betri mdogo wa volti 12 bado yumo na bado hufa.

Tofauti kubwa na petroli ni kwamba kituo chako cha mafuta ni nyumbani, na hapa ndipo ninapoona hatari ambayo watu wanaichukulia kwa wepesi. Waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani umetengenezwa kwa ajili ya volti 200 na huvuta ampea 15 mfululizo kwa saa kadhaa, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Anachofanya mwenye gari ni kuikata, kufunga plagi ya kawaida ya ampea 13, na kuichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa kupitia waya wa kurefushia unaotokea dirishani. Nimeona soketi zilizoyeyuka, nimeona waya zilizobadilika rangi ndani ya ukuta, na watoto wamelala chumba cha jirani. Kinachotakiwa si kitu cha gharama ya kutisha: laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi kuu, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, swichi yake ya kukata umeme ukizidi, kifaa cha kukata umeme unaovuja, waya wa ardhini uliopimwa kweli kweli, na soketi ile ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Umeme wa njia moja ulioko katika nyumba nyingi unatosha kabisa. Mtu anayetumia uniti 8 kwa siku atazirudisha kwa saa mbili na nusu hivi, akiwa amelala.

Yuko mteja ambaye hesabu yangu ya juu haitamfaa, naye ni mpangaji. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini wapangaji huchangia LUKU moja, na gari moja la umeme katika nyumba ya namna hiyo linaleta ugomvi tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa linatumia katika mwezi mmoja uniti 180 au zaidi. Hata mwenye nyumba yake aliyekuwa akifurahia bei ya shilingi 100 kwa uniti, ile ya wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba gari litamtoa kwenye daraja hilo, na umeme wa jiko, friji na taa nao utapanda bei. Hili lazima liingizwe katika hesabu kabla ya kununua. Mpangaji anayetaka gari la umeme aombe kwanza meta yake mwenyewe, na asipoipata asinunue.

Ipo pia gesi asilia, ambayo wasomaji wengi wanaiona kuwa jibu la bei ya petroli, na sina ugomvi nayo. Kilo moja imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 1,550, gari lililofungwa mtungi linabaki na tangi lake la petroli, na dereva wa teksi anayezunguka mchana kutwa bila mahali pa kuchajia atafaidika nayo kuliko umeme. Tatizo ni kwamba mtungi hula nafasi ya mizigo, na foleni za vituo vya gesi kila anayepita anaziona.

Kuhusu safari ndefu, niseme ukweli ulivyo. Kwa vipimo vya Marekani, Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24 ya mwaka 2011 ilikwenda kilomita 117 ikiwa mpya, ile ya kilowati-saa 30 kilomita 172, na ile ya 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, kilomita 243. Morogoro ni karibu kilomita 190 kutoka hapa, na vituo vya kuchaji kwa haraka njiani si vya kutegemea. Mtu wa Dodoma sasa anayo treni ya SGR, nayo ni ya umeme, tangu mwaka 2024. Lakini familia yenye gari moja ambayo kila Desemba hupakia watoto, bibi na zawadi kwenda Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500, isidanganywe kwamba Leaf iliyotumika itawafikisha kama walivyozoea. Wakubali kupanda basi au kukodi gari kwa wiki hizo mbili, au wabaki na petroli. Faida ya mwaka mzima inaweza kulipia nauli hizo bila shida, ila ni lazima mume na mke wakubaliane mapema, na wasiligundue tarehe 20 Desemba.

Sasa nifike kwenye betri. Katika gari la petroli lililotumika, tunatazama kilomita, tunasikiliza injini, tunaangalia moshi. Katika gari la umeme, kilomita zinaweza kuwa chache na betri ikawa imechoka, kwa sababu betri huzeeka kwa joto, kwa miaka, kwa kuachwa imejaa pomoni muda mrefu na kwa kuchajiwa kwa kasi kubwa mara kwa mara. Leaf ina upungufu wake wa pekee: katika toleo la kwanza, na hata katika la pili lililotoka mwaka 2017, betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa gari hilo katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako joto ni kali, walilalamika kwamba betri zao zimepungua uwezo katika muda mfupi, shauri likafika mahakamani, na kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Baadaye ikatoa betri iliyoboreshwa kuhimili joto. Sisi wa pwani, tunaoegesha juani tangu asubuhi hadi jioni, tuna kila sababu ya kuijua habari hiyo.

Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijiti 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri. Wauzaji hupenda kuvionyesha, na mnunuzi huona 12 akaridhika. Ajue kwamba kijiti cha kwanza hakizimiki mpaka betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, kwa hiyo betri yenye vijiti vyote inaweza kuwa nzima kabisa au ikawa imekwishapungua kiasi cha kuonekana barabarani. Baya zaidi, kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vijiti vyote viwake upya, na ukweli ukajitokeza baada ya wiki kadhaa, fedha zikiwa zimeshalipwa. Dawa yake ni kulipima gari kwa kompyuta, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma asilimia halisi iliyobaki pamoja na hali ya kila seli, kisha kuliendesha kutoka chaji kamili kwa kilomita 40 au 50 na kulinganisha chaji iliyotumika na umbali uliokwenda. Vipimo hivyo viwili vikipingana, mnunuzi aondoke.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la kukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Ombi langu kwao ni kwamba uwezo uliobaki wa betri upimwe na uandikwe kwenye cheti cha ukaguzi cha kila gari la umeme, kwa asilimia, pamoja na ukubwa wa betri ilipokuwa mpya. Kipimo hiki hakichukui dakika nyingi. Na Mamlaka ya Mapato, ambayo leo hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri wa miaka 8 na kuendelea, ifikirie kama umri peke yake ni kigezo sahihi kwa magari haya, maana magari mawili ya mwaka mmoja, moja lililokaa kwenye baridi ya Hokkaido huko Japani na jingine lililochajiwa kwa kasi kila siku mahali penye joto, si magari mawili yenye thamani sawa. Tukiendelea kupima kalenda na kuacha betri, tutakuwa tunapokea kutoka nje betri zilizokwisha kazi, na mzigo wa kuzitupa utakuwa wetu.

Lipo pia suala la mafundi, nalo linanihusu moja kwa moja. Nyaya za rangi ya machungwa zilizo chini ya magari haya hubeba umeme wa takriban volti 350 hadi 400, umeme ambao haumpi mtu nafasi ya pili. Vijana wetu wa gereji za Ilala na Gerezani ni hodari wa injini, lakini wengi hawajawahi kufundishwa namna ya kutenganisha betri kubwa kabla ya kugusa kitu chochote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao walimu wa umeme na inao walimu wa magari. Naomba iwakutanishe watu hao katika kozi fupi yenye cheti, kabla msiba haujatulazimisha kufanya hivyo.

Wauzaji wa yadi za magari hawahitaji kusubiri kanuni yoyote. Karatasi wanayoibandika kwenye kioo cha mbele, ambayo leo inataja mwaka wa gari, kilomita na bei, iongezwe mstari unaotaja ukubwa wa betri, asilimia iliyobaki na tarehe ilipopimwa, na mnunuzi aruhusiwe kuja na fundi wake kuirudia hesabu hiyo papo hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme,
Tabata, Dar es Salaam