Walinihurumia kwa ugonjwa ambao sikuwa nao

Kwa Mhariri,

Majuzi msomaji wenu mmoja aliandika kwamba sonona ni ugonjwa wa walioshiba, na kwamba mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu hana nafasi ya kuugua mawazo. Mimi huamka saa kumi. Ninaishi Umoja, ninafanya kazi katika bohari moja Eneo la Viwandani, na mwaka jana niliyaugua mawazo hayo hadi nikashindwa kuhesabu katoni za sabuni.

Kuhesabu ndiyo kazi yangu. Asubuhi moja nilihesabu rundo lile lile mara nne nikapata jumla nne. Sikuwa nikilia, wala sikuwa na msiba. Nilikuwa mzito tu, na kila saa nane usiku usingizi ulikatika nikabaki nikiutazama mwanga wa taa ya barabarani ukutani hadi wakati wa kuoga. Aliyegundua kwanza si mke wangu wala msimamizi. Ni mama anayetuuzia chai langoni saa nne. "Mwanangu," akaniambia, "hii ni wiki ya tatu hununui mandazi. Unashika kikombe tu hadi chai inapoa. Nenda hospitali." Nikamjibu kwamba ni uchovu. Akasema uchovu huisha Jumapili.

Kliniki niliulizwa maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizotangulia: usingizi, hamu ya kula, iwapo bado ninafurahia niliyokuwa nikiyapenda, iwapo najiona nimefeli. La tisa liliuliza kama nimewahi kuwaza kwamba afadhali nife. Nilichelewa kulijibu, na daktari hakunihimiza. Hatukujifunza kunyamaza bure. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua nchini alihesabiwa mhalifu. (Anayezungukwa na swali hilo usiku huu, Msalaba Mwekundu wana nambari ya simu isiyolipiwa, 1199.)

Daktari aliagiza nipimwe damu, maana upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kumlegeza mtu vivyo hivyo. Damu ilikuwa sawa. Akaniambia ni sonona, akanipa dawa na kunionya mambo mawili: itachukua wiki kadhaa kabla sijaona nafuu, na nikishaiona nisiache kumeza kwa sababu eti nimepona. Akanipangia pia kuonana na mshauri nasaha. Kisha akaandika karatasi ya ruhusa: siku saba, hafai kuwa kazini. Ugonjwa hakuutaja.

Niliyeutaja ni mimi, na nilidanganya. Msimamizi aliponiuliza nina nini, nilimwambia ni vidonda vya tumbo.

Mhariri, hujawahi kuona upendo kama ule. Msimamizi mwenyewe alinipigia simu siku ya tatu, si kuniuliza ninarudi lini, bali kunieleza jinsi shangazi yake alivyopona kwa maji ya kabichi. Niliporudi nilikuta maziwa mezani. Wenzangu waliniondolea pilipili kwenye chakula cha mchana. Na nilipoomba nisipangwe zamu ya usiku ya kuhesabu mali, kwa kuwa mgonjwa wa vidonda hafai kukaa na njaa, niliondolewa zamu hiyo siku hiyo hiyo. Kazi yangu ikagawanywa mwezi mzima, wapakiaji wakanisaidia, na kila jioni mtu akanikumbusha nisipitishe saa ya kula.

Basi nikapona. Dawa ilifanya yake, na mshauri pia, lakini kulala usiku, kula kwa wakati, kupunguziwa mzigo na kuulizwa hali ndivyo hasa daktari alivyokuwa ameniambia nitafute. Nilivipata vyote kwa jina la ugonjwa mwingine, na kampuni haikutoa hata shilingi zaidi ya bei ya maziwa.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja wa afisi ya juu aliyesema ukweli. Yeye hakuletewa maziwa. Alihamishwa dawati akawekwa peke yake "apumzike", na wafanyakazi wakaanza kuambizana wasimkasirishe. Baada ya miezi michache aliacha kazi. Nilimwona akishuka ngazi na sanduku lake la vitu, na sikumwambia kwamba mimi na yeye tunameza dawa za aina moja. Hilo ndilo ninaloona haya nalo, kuliko hata uongo.

Serikali haikukosa kusema. Mwaka wa 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Lakini sheria inayonigusa langoni ni ile ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 30 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari kwamba hawezi kazi. Hakikutenga tumbo na kichwa. Vibarua wetu wa kupakia, wanaolipwa kila jioni, wao hawana hata pa kudanganyia: usipofika, hulipwi, na kesho jina lako halisomwi langoni. Kibarua huyo ndiye ambaye msomaji wenu anamwita mtu asiye na nafasi ya kuugua. Anaugua. Anaugua akiwa na gunia begani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huila dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Siku zangu saba sidhani kama zimo. Kwenye faili yangu ni za tumbo.

Kwa wenye bohari na viwanda sina ombi kubwa. Mkiletewa karatasi inayosema mtu hafai kazini, msimuulize ni nini. Na akiwaambia mwenyewe kwamba ni sonona, mfanyieni yale yale ambayo mngemfanyia wa vidonda vya tumbo.

Nakuomba ulibane jina langu. Bado niko bohari ile ile, na juzi msimamizi ameniuliza tena kama maji ya kabichi yalisaidia. Nilimwambia yalisaidia sana.

Karani wa bohari,
Umoja, Nairobi