Ree mbili mkononi: kwa nini wanaoanza poka huliwa na karata nzuri

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kutoka kwa wateja walionunua kwetu seti yao ya kwanza ya karata na chipu hayahusu karata mbaya. Karata mbaya mtu huzitupa, mgao ukaendelea bila yeye. Kinachowauma ni hiki: "Nilikuwa na ree mbili, bado nikaliwa." Wengine hufika wakiwa wameshaamini kuwa wana mkosi. Hawana mkosi. Karata zilikuwa nzuri, ila zilichezwa kwa namna iliyozipunguzia nguvu, na hilo linarekebishika.

Tunazungumzia poka ya Texas: kila mchezaji anapewa karata 2 za siri, kisha karata 5 zinafunuliwa mezani kwa wote, kwanza 3 kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kupata ree mbili, yaani jozi kubwa kuliko zote, kwenye zile za siri hutokea mara 1 katika migao 221. Meza yenye mgawaji mzoefu hugawa karibu mara 30 kwa saa, kwa hiyo kwa wastani utazisubiri zaidi ya saa saba. Si ajabu zikija mtu akapigwa na butwaa. Anawaza, "Nikiongeza dau watakimbia wote, nitabaki na vijisenti." Basi ananyamaza, anaweka dau lilelile dogo kama wenzake, anasubiri kuwategea.

Hapo ndipo anapojiumiza. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 kati ya 100. Dhidi ya wawili, 73. Wakiwa watatu, 64. Wakiwa watano, zinashuka hadi 49, yaani chini kidogo ya nusu. Na meza ikijaa, ukiwa na wapinzani wanane ambao wote wamebaki hadi karata ya tano, unashinda mara 35 tu. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu uliowaachia mlango wazi.

Waliokulia Unguja na pwani kwenye mchezo wa karata wa wahedi-wasitini hupata tabu zaidi kulikubali hili. Kule ukishika ree ya turufu hakuna karata ya kuipiga, unaweza kuificha kwa raha hadi wakati wake. Poka haina karata ya aina hiyo. Jozi kubwa inaongoza kabla mezani hakujafunuliwa kitu, na kila karata inayofunuliwa ni nafasi kwa mwingine kukupita.

Tuchukue mgao mmoja tuutazame kwa karibu. Meza ina watu 6. Dau za lazima, ambazo watu wawili huziweka kabla ya kuona karata, ni 50 (dau dogo) na 100 (dau kubwa). Wawili wa kwanza wanaweka 100 kila mmoja. Wewe una ree mbili, nawe unaweka 100 kimyakimya. Anayefuata anaweka, mwenye dau dogo anajazia 50, mwenye dau kubwa anapita bila kuongeza hata chipu moja. Mezani kuna 600 na mko watu sita. Zinafunuliwa 9 ya shupaza, 8 ya shupaza na 6 ya kopa. Yule wa dau kubwa alikuwa na 9 na 6, karata ambazo angezitupa kwa furaha kama ungemdai chochote. Sasa ana jozi mbili, wewe una moja. Kuna mwingine mwenye shupaza mbili anayesubiri shupaza ya tano, maana tano za aina moja huzipiga jozi. Unaweka dau, unaongezewa, unakasirika, unafuata mpaka mwisho. Chipu zimekwenda.

Rudisha mgao uleule nyuma. Wawili wameweka 100 kila mmoja, zamu yako imefika. Kanuni tunayowapa wanafunzi wetu ni kuongeza hadi mara tatu ya dau kubwa, kisha kujumlisha dau kubwa moja kwa kila aliyekwisha ingia kwa kufuata tu. Hapa ni 300 na 200, jumla 500. Mwenye 9 na 6 sasa anadaiwa 400 zaidi; anazitupa. Tuseme mmoja wa wale wawili ana jozi ya 10, anakufuata. Wengine wameondoka, mezani kuna 1,250, na wewe uko na mtu mmoja ambaye unamshinda takriban mara 4 kati ya 5. Hii ndiyo hali unayoitaka, na umeitengeneza mwenyewe kabla ya karata yoyote kufunuliwa.

Wapenzi wa poka hupenda kukumbusha kuwa Doyle Brunson alitwaa ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 1976, akautwaa tena 1977, na mara zote mbili mgao wa mwisho aliushinda kwa 10 na 2. Ni kweli, na mara zote mbili alimaliza na tatu za namba moja pamoja na jozi. Wanaoanza husikia kisa hicho wakadhani wanaruhusiwa kucheza takataka. Sisi tunakisoma kwa upande wa aliyekaa mkabala naye: hata 10 na 2 zikiruhusiwa kuziona karata zote tano, zinaweza kukumaliza.

Na ile hofu ya kwamba wote watakimbia? Dawa yake ni kuongeza kwa kiwango kilekile unapokuwa na ree mbili, malkia wawili, au ree na mfalme. Ukiongeza kwa ree peke yake, baada ya muda mfupi meza nzima itakujua. Ukiongeza sawasawa kwa zote, hawawezi kukusoma, na watakaokufuata watakuwa wengi wa kutosha.

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio unaogharimu chipu nyingi zaidi: kushindwa kuachia. Ukiwa na wafalme wawili, ree hutokea kwenye karata tatu za kwanza karibu mara 23 kati ya 100. Ukiwa na malkia wawili, karata kubwa kuliko zako hutokea mara 41 hivi. Kwa maghulamu wawili ni zaidi ya nusu ya mara zote! Kama mpinzani ni mmoja, weka dau moja la kupima, kisha sikiliza. Mtu mtulivu, ambaye usiku mzima amekuwa akifuata na kupita, akikuongezea ghafla kwenye karata ya nne, mara nyingi sana hatishii. Anayo. Jozi yako ilikuwa nzuri ulipogawiwa. Sasa hivi ni jozi moja tu, na thamani yake inapimwa kwa kilichoko mezani. Hata ree mbili hutupwa.

Ree na mfalme nazo huwachanganya watu. Ongeza nazo bila woga, lakini kumbuka bado hazijawa kitu: zinapata jozi kwenye karata tatu za kwanza takriban mara moja kati ya tatu. Zisipopata na mezani mko watatu au wanne, pita bila kuweka dau.

Katika madarasa yetu tunacheza kwa chipu zisizo na thamani ya fedha, na tunapokea watu wazima tu. Sehemu ya kwanza ni karata za mwanzo na zamu ya kukaa, kwa sababu anayeamua wa mwisho ameshaona wenzake walichofanya. Sehemu ya pili ni migao mliyoicheza wenyewe nyumbani. Ukitaka tuupitie wa kwako, uandike siku hiyohiyo kabla hujausahau: dau za lazima zilikuwa kiasi gani, mlikuwa wangapi, ulikaa wapi, nani aliongeza na kwa kiasi gani, na kila mmoja alibakiwa na chipu ngapi. Karata ulizokuwa nazo ziandike mwishoni. Tutausoma kwanza bila kuzijua, kama walivyokuona wenzako mezani.